Mzee Ana Limfoma ya Ubongo: Namna ya Kuupima Umri Wake Kabla ya Kukata Shauri la Tiba

"Umri umekwenda." Familia nyingi huambiwa hivyo mlangoni mwa wodi. Mgonjwa ana miaka 74, MRI imeonyesha uvimbe katikati ya ubongo, majibu ya kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kilichotolewa na kupimwa) yamesema limfoma, na mazungumzo yanaishia kwenye mwaka wa kuzaliwa. Mwongozo huu ni wa kuyaendeleza pale yalipokatikia. Umri una uzito mkubwa katika ugonjwa huu, hilo hatulipingi. Ila uzito wake hupitia kwenye figo, moyo, nguvu za mwili na uwezo wa kustahimili dawa, na hivyo vyote vinapimika.

Tuanze na hesabu inayouma. Takwimu za usajili wa saratani nchini Marekani zinaonyesha kuwa miaka ya 1970 nusu ya wagonjwa wa limfoma ya ubongo walikuwa wamefariki ndani ya miezi 12 na nusu. Kufikia miaka ya 2010 muda huo ulikuwa umefika miezi 26. Nafuu hiyo waliipata walio chini ya miaka 70. Waliotimiza 70 na kuendelea walitoka miezi 6 wakafika 7, basi, kwa miaka arobaini. Sehemu ya sababu ni mwili uliochoka. Sehemu nyingine ni kwamba wazee wengi hawapewi kabisa dawa kuu ya ugonjwa huu, methotreksati. Katika jaribio la Ujerumani liitwalo PRIMAIN, wagonjwa 107 wenye miaka 65 na zaidi walipewa dawa hiyo pamoja na nyingine, na baada ya miaka miwili asilimia 47 walikuwa hai. Wagonjwa wa majaribio huchaguliwa, kwa hiyo namba hizi mbili zisiwekwe kwenye mzani mmoja. Lakini zinatosha kumfanya mtu aulize: huyu mzee wetu amepimwa, au amehesabiwa miaka tu?

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi

Ni saratani ya seli nyeupe za damu inayoanzia ndani ya ubongo, uti wa mgongo, ngozi laini zinazoufunika ubongo, au jicho, bila kuwa mahali pengine mwilini. Zaidi ya asilimia 90 ni ya seli B kubwa. Wagonjwa wasio na VVU wengi huwa na umri wa miaka sitini na kitu. Inakua haraka, kwa wiki, na bila tiba mgonjwa huishi miezi michache tu. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa vizuri.

Kwa mzee dalili zake hujificha nyuma ya vitu vingine. Anakuwa mzito wa kujibu, anasahau, anajikojolea, anapepesuka, tabia inabadilika. Watu wanasema ni uzee, au kiharusi kidogo. Angalieni muda. Usahaulifu wa uzee huchukua miaka. Kiharusi huja kwa dakika. Mtu aliyekuwa akihesabu pesa zake vizuri mwezi wa pili na kufikia wa nne hajui jina la mjukuu anahitaji picha ya ubongo, na MRI yenye dawa ya kung'arisha ni bora kuliko CT.

Kosa la siku ya kwanza: deksamethasoni kabla ya kinyama

Picha ikionyesha uvimbe, mkono wa daktari huenda haraka kwenye deksamethasoni, kwa sababu inapunguza maji kwenye ubongo na mgonjwa huamka siku ileile. Kwa limfoma hapo ndipo matatizo yanapoanza. Dawa hii huua seli za limfoma ndani ya siku chache. Uvimbe unasinyaa, mpasuaji anaingiza sindano, anatoa tishu isiyoonyesha kitu. Mzee amepasuliwa bure, na sasa asubiri wiki kadhaa uvimbe urudi ndipo apasuliwe tena.

Hivyo, kama picha inaashiria limfoma na mgonjwa hayuko katika hatari ya papo kwa papo, deksamethasoni isubiri hadi kinyama kitolewe. Ubongo ukianza kusukumwa na maisha yakawa hatarini, atapewa, hakuna mjadala. Na ikiwa alishapewa kwenye hospitali ya awali, mwambieni mpasuaji tarehe ya kuanza, dozi, na siku ya mwisho kuitumia. Taarifa hiyo iandikwe kwenye karatasi ya rufaa; mara nyingi haipo.

Kinyama hutolewa kwa sindano kupitia tundu dogo la fuvu. Kuufungua ubongo ili kuuondoa uvimbe wote kwa kawaida hakusaidii, kwa kuwa limfoma imeshasambaa kupita pale macho ya mpasuaji yanapofika, na mzee anatumia akiba yake ya nguvu kwenye kidonda.

Wakati majibu yanasubiriwa, fanyeni vilivyobaki ili wiki isipotee: kipimo cha VVU, homa ya ini B kwa vipimo vyote viwili, cha kirusi chenyewe na cha kinga inayoonyesha maambukizi ya zamani, kwa sababu rituksimabu, mojawapo ya dawa za limfoma, huweza kukiamsha kirusi kilicholala, LDH (kimeng'enya cha damu kinachoweza kupanda katika limfoma), kazi ya ini na figo, CT ya kifua na tumbo, ukaguzi wa macho kwa taa maalumu, maji ya uti wa mgongo ikiwa ni salama kuyatoa, na kwa wanaume, hasa wenye zaidi ya miaka 60, ultrasound ya korodani. Hiki cha mwisho watu huona haya kukitaja. Limfoma ya korodani hupenda kukimbilia ubongoni, na mpango wa tiba hubadilika.

Umri wa figo

Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae zaidi. Dawa inayobeba tiba yote ni methotreksati ya dozi kubwa, gramu 3 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kwa sababu dozi ndogo haivuki ukuta wa kinga wa ubongo. Inatoka mwilini kupitia figo. Figo zikichelewa, dawa inabaki na kuunguza mdomo, utumbo, uloto wa mifupa unaotengeneza damu, na figo zenyewe.

Msiridhike na neno "kreatinini iko kawaida." Kreatinini ni taka ya misuli inayochujwa na figo. Fanyeni hesabu hii: toa umri kwenye 140, zidisha na uzito kwa kilo, gawanya kwa kreatinini iliyozidishwa mara 72. Kwa mwanamke, zidisha jibu kwa 0.85. Kreatinini hapa ni ya miligramu kwa desilita. Maabara ikiandika mikromoli, gawanya kwanza kwa 88.4.

Mwanaume wa miaka 42 mwenye kilo 70 na kreatinini 0.9: 98 mara 70 ni 6,860, gawanya kwa 64.8, anapata kama 106. Mwanamke wa miaka 72 mwenye kilo 55 na kreatinini ileile 0.9: 68 mara 55 ni 3,740, gawanya kwa 64.8, zidisha kwa 0.85, anapata 49. Karatasi zao za maabara zinafanana. Mmoja anaweza kupokea dozi kamili. Mwingine yuko ukingoni, kwani vituo vingi havianzi dawa hii figo zikichuja chini ya mililita 50 kwa dakika, na juu kidogo ya hapo hupunguza dozi kwa uwiano.

Kabla ya kumwandikia huyo mama "hafai," kuna mambo ya kusafisha. Je, amekuwa hanywi maji kwa sababu hakumbuki? Mpeni dripu siku mbili, pimeni tena. Je, anameza diklofenaki au ibuprofeni za magoti kila siku? Zisimamishwe. Mwanaume anakojoa kwa shida? Tezi dume iliyoziba mkojo hupandisha kreatinini, na mpira wa mkojo huishusha. Tumeyaweka haya mbele kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingine tiba nzima inategemea lita kadhaa za maji. Kinyume chake pia kipo: mzee aliyekonda sana, misuli imekwisha, hutengeneza kreatinini kidogo, na hesabu humwonyesha mwenye figo nzuri kuliko alivyo. Kwake kusanyeni mkojo wa saa 24 na kupima humo.

Moyo nao upigwe echo (ultrasound ya moyo), maana atapewa maji mengi kuliko alivyowahi kunywa kwa siku.

Alikuwaje miezi miwili iliyopita?

Kipimo kinachotumika sana kukadiria mgonjwa ataishi muda gani, kilichotoka kituo cha Memorial Sloan Kettering cha New York mwaka 2006, kinatumia vitu viwili tu: umri wa miaka 50, na alama 70 za Karnofsky, mizani ya nguvu za mwili ya 0 hadi 100; 70 ni kwamba mtu anajihudumia mwenyewe ingawa hawezi kazi zake za kawaida. Walio chini ya 50, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 8 na nusu. Wenye 50 na zaidi lakini alama 70 kwenda juu, miaka 3.2. Wenye 50 na zaidi na alama chini ya 70, mwaka 1.1. Kipimo kingine, cha kundi la kimataifa la IELSG, huhesabu umri zaidi ya 60, hali ya mwili, LDH iliyopanda, protini nyingi kwenye maji ya uti wa mgongo, na uvimbe kukaa sehemu za kina za ubongo.

Tatizo ni kwamba mgonjwa huyu amelala kwa sababu ya uvimbe. Alama 40 anayopewa leo inaweza kuwa ya ugonjwa, si ya mwili wake. Kwa hiyo mleteni mtu anayeishi naye, si mtoto aliyefika jana kutoka mjini, aseme: miezi miwili kabla ya dalili, je, aliogea mwenyewe? Alikwenda shambani, sokoni, msikitini au kanisani kwa miguu? Alipika? Alijua dawa zake? Mzee aliyekuwa akilima na sasa hawezi kugeuka kitandani ana nafasi ya kuinuka uvimbe ukisinyaa. Aliyekuwa kitandani tangu mwaka jana kwa moyo au kiharusi hataamshwa na methotreksati. Hawa wawili wana alama moja leo, na tiba yao haifanani hata kidogo.

Tiba hubadilikaje kwa umri

Hadi miaka 65, na hadi 70 kwa mwenye nguvu, mpango mkali uitwao MATRix hutumika: rituksimabu, methotreksati gramu 3.5 kwa mita ya mraba, sitarabini na thiotepa, raundi nne kila wiki tatu. Katika jaribio la IELSG32 asilimia 49 ya waliopewa mseto huu uvimbe ulitoweka kabisa, na baada ya miaka saba asilimia 56 walikuwa hai. Baadaye huja awamu ya kuimarisha, aghalabu dozi kubwa ya thiotepa na dawa nyingine, kisha mgonjwa anarudishiwa seli shina zake mwenyewe, zinazotengeneza damu.

Kupita hapo, sitarabini ndiyo hutolewa kwanza, kwa kuwa inauangusha uloto na maambukizi humwahi mzee. Kinachobaki ni rituksimabu na methotreksati, pamoja na dawa ya kumeza kama prokabazini au temozolomidi. PRIMAIN ilianza ikiwa na lomustini pia, dawa nyingine ya kumeza. Ikaondolewa njiani kwa ajili ya maambukizi, na mpango haukuharibika. Upandikizaji wa seli shina nao hauzuiliwi na siku ya kuzaliwa peke yake: jaribio la MARTA la Ujerumani lilianza na watu 51 wenye zaidi ya miaka 65 waliokuwa na nguvu, na 36 kati yao walifikia upandikizaji, kwa dozi zilizopunguzwa. Ni tiba ya kituo chenye uzoefu, lakini msikubali jibu la "ana 68" bila kipimo.

Raundi ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu mgonjwa bado amelala, amejaa deksamethasoni, na sukari imepanda. Kwa mzee dhaifu ni busara kuanza na methotreksati na rituksimabu peke yake, na kuongeza nyingine akishasimama.

Siku ya methotreksati

Kwanza, siku kadhaa kabla, mwageni mkoba wote wa dawa mezani, pamoja na za duka la jirani na za mitishamba. Zisimamishwe: diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, omeprazoli na jamaa zake, Septrin, amoksisilini na penisilini nyingine, siprofloksasini. Zote huweza kuchelewesha methotreksati kutoka. Vitamini C ya vidonge na soda za kola ziachwe pia, kwa sababu mkojo unatakiwa usiwe na asidi. Mwenye maji kwenye kifua au tumbo atolewe maji hayo kwanza. Dawa hujificha humo na kurudi kwenye damu polepole.

Maji ya dripu huanza saa kadhaa kabla, yakiwa na bikaboneti, kwa kiasi cha lita 2.5 hadi 3 kwa mita ya mraba kwa saa 24. pH ya mkojo ipimwe kwa kijikaratasi, na dawa isianze kabla haijafika 7. Kila mkojo upimwe. Ndugu anaweza kufanya kazi hii: daftari, saa, kiasi, pH. Apimwe uzito asubuhi na jioni. Ukipanda kilo mbili, au pumzi ikawa fupi, maji yanabaki na mwuguzi aitwe.

Methotreksati huingia kwa saa 2 hadi 4. Saa 24 tangu ianze, lukovorini inaanza, kila baada ya saa 6, usiku na mchana. Hii ndiyo dawa inayoziokoa seli nzima. Dozi ya saa nane usiku isirukwe kwa kuwa mgonjwa amelala, mwamsheni. Kiwango cha methotreksati kwenye damu kinatarajiwa kuwa chini ya mikromoli 10 kwa lita saa 24, chini ya 1 saa 48, na chini ya 0.1 saa 72. Lukovorini haikomi mpaka kiwango kishuke chini ya 0.1.

Ulizeni mapema kama maabara ya hospitali hupima kiwango hicho. Kama haipimi, uamuzi wa wapi atibiwe ubadilike ikiwezekana. Isipowezekana, lukovorini na maji virefushwe na kreatinini ipimwe kila siku, mara mbili ikibidi. Kreatinini ikipanda kwa nusu ndani ya saa 24, tuseme kutoka 80 hadi 120, hiyo ni kengele: lukovorini iongezwe mara nyingi zaidi, maji yaongezwe, na kituo chenye glukapidasi, dawa inayoivunja methotreksati iliyobaki kwenye damu, kitafutwe siku hiyohiyo, kwa maana inafanya kazi vizuri ikitolewa ndani ya saa 48 hadi 60 tangu methotreksati ianze.

Nyumbani, joto la 38 ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Mguu mmoja ukivimba vilevile. Damu kuganda ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu.

Mionzi ya ubongo mzima

Mionzi inapatikana mahali pengi kuliko upimaji wa methotreksati, na kwa sababu hiyo hupewa wazee kama njia rahisi. Ukweli ni kwamba uvimbe hupungua, kisha hurudi. Katika jaribio la Marekani la miaka ya 1980 la mionzi peke yake, nusu ya wenye miaka 60 na zaidi waliishi miezi 7.6, na walio chini ya 60 miezi 23. Ikiongezwa juu ya methotreksati kwa aliyepita 60, kuna bei nyingine inayokuja baada ya miezi: kumbukumbu inakwisha, hatua zinakuwa fupi za kuburuza, mkojo hauzuiliki. Kwa hiyo mzee ambaye dawa zimemsafisha uvimbe wote asipelekwe kwenye mionzi ili "kumalizia" tu. Ibaki kwa ambaye figo zimekataa kabisa, au dawa zimeshindwa.

Mgonjwa kijana na VVU

Afrika Mashariki sura nyingine ya ugonjwa huu ni mtu wa miaka 35 au 40 mwenye CD4 (seli za kinga) chini ya 50. Uvimbe wake hufanana na toksoplasma, maambukizi ya kimelea ubongoni, kwenye picha, na mara nyingi hutibiwa toksoplasma kwanza. Baada ya wiki mbili bila nafuu kinyama kitolewe. Ujana unamsaidia, ARV zinamsaidia zaidi, na akipewa methotreksati pamoja na ARV anaweza kuishi miaka. Mambo matatu ya kuangalia: Septrin anayomeza kila siku lazima isimame wakati wa methotreksati na nafasi yake ichukuliwe na kinga nyingine, tenofovia huweza kuumiza figo, hivyo ijadiliwe kubadilishwa, lakini kwanza ihakikishwe hana homa ya ini B, maana tenofovia ndiyo inayoizuia, na dolutegravia hupandisha kreatinini kidogo bila figo kuwa na kasoro, kwa hiyo namba ya kabla ya kuanza dawa ndiyo iwe kipimo cha kulinganishia.

Tiba kali isipofaa

Yupo mzee ambaye figo, moyo na nguvu vyote vimesema hapana, au mwenyewe, akiwa na akili zake, amesema hapana. Zungumzeni naye mapema, wakati deksamethasoni inampa siku chache za uwazi wa akili. Baada ya hapo huenda asiweze. Vipo temozolomidi ya kumeza, rituksimabu, mionzi mifupi, au deksamethasoni kwa dozi ndogo inayotosha, pamoja na dawa ya degedege akiwa amewahi kupata. Deksamethasoni ya muda mrefu hudhoofisha mapaja hadi mtu hawezi kusimama kutoka kitini, na hupandisha sukari, hivyo dozi ipunguzwe kila inapowezekana.

Aliyemaliza tiba apigwe MRI kila miezi 3 kwa miaka miwili, kila miezi 6 kwa miaka mitatu inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka hadi mwaka wa kumi. Pamoja na picha, apimwe kumbukumbu na mwendo, kwa kipimo kilekile kila mara. Na katikati ya tarehe hizo akianza tena kuwa mzito wa kujibu, msingoje kliniki ijayo: siku mbili tatu zinatosha kuomba picha mpya, na deksamethasoni ya mwaka jana iliyobaki kabatini isiguswe mpaka daktari aione.